Sindano ya Karanga na Jioni za Mtafiti

Swali ambalo wanafunzi huuliza mara kwa mara, yaani mwanasayansi hufanya nini kutwa nzima, lina jibu lisilotarajiwa kwa mtafiti wa karanga, zao linalofahamika vyema Nachingwea na Ruangwa: sehemu nyeti kuliko zote ya kazi yake huanza jioni.

Sababu imo ndani ya ua. Chavua, ambayo ni unga wa kiume, humwagika alfajiri kabla petali hazijafunguka, hivyo karanga hujichavusha yenyewe. Mtafiti anayetaka kuunganisha aina inayostahimili ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari, na aina izaayo sana, hana budi kulihasi ua jioni iliyotangulia: hufungua tumba kwa kibanio, huondoa vifuko vya chavua bila kujeruhi sehemu ya kike, kisha asubuhi hupaka chavua ya mmea wa pili na kufunga uzi wa rangi ili ua hilo lisipotee kati ya mengine.

Kinachofuata ni ajabu ya mmea huu, unaochanua juu ukazaa chini. Ua hunyauka, na baada ya takriban wiki moja huchomoza kikonyo chembamba kinachofuata mvutano wa dunia, kikibeba ovari, yaani kifuko cha mbegu changa, nyuma kidogo ya ncha yake. Kukiita kigingi, kama wanavyokiita Waingereza, kunapotosha, kwa kuwa kigingi hupigwa na mwingine, na kikishapigwa hutulia, ilhali kikonyo hiki hujisukuma chenyewe. Jina linalostahili ni sindano, tena sindano ya cherehani, ambayo tundu lake la uzi liko karibu na ncha. Udongo ndio kitambaa. Sindano huuchoma sentimita chache, na ikishakutana na giza husimama, hulala ubavu na kuvimba kuwa ganda, kama fundo linaloshika mshono. Mmea mmoja hupiga mishono mingi, na mkulima anayeng'oa karanga huwa anaifumua.

Mfano huu unaeleza pia kilichoukuta mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanzia Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na Nachingwea, ambako reli ilijengwa kutoka pwani, kisha ukaachwa mwaka 1951. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mishono ikakataa kufumuliwa. Matrekta yalitangulia, na elimu ya udongo na mvua ikafuata nyuma.

Watafiti wa Naliendele, kituo kilichoko karibu na mji wa Mtwara, wamekwenda kwa mwendo mwingine. Miongoni mwa mbegu za karanga zilizotokana na kazi yao imo Nachingwea 2009, na mbegu ya namna hiyo hupitia misimu mingi ya kupanda, kuhesabu maganda, kupima na kutupa isiyofaa. Wilaya iliyowahi kupelekewa matrekta bila maarifa leo ina jina lake juu ya mbegu, na safari ya mbegu chotara yoyote ya karanga huanzia kwenye tumba moja lililofungwa uzi.