Gari Lililotembea Kilomita Nyingi: Je, Oili ya Giaboksi Ibadilishwe?

Magari mengi ya otomatiki yanayonunuliwa nchini hufika bandari ya Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Mnunuzi hulipokea gari likiwa na kilomita 80,000, 120,000 au zaidi, na mara nyingi hapewi kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Baada ya muda huzuka swali: oili ya giaboksi ibadilishwe au iachwe ilivyo? Fundi mmoja humshauri aibadilishe mara moja; mwingine humwonya kwamba akiigusa tu, giaboksi itakufa. Giaboksi ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa zaidi katika gari, hivyo kosa la upande wowote linaweza kumtia mmiliki hasara kubwa. Makala haya yanaeleza namna ya kufikia uamuzi wa busara.

Kazi ya oili hiyo

Oili ya giaboksi ya otomatiki, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, ina kazi zaidi ya kulainisha. Hupokeza nguvu kutoka kwenye injini, husukuma klachi za ndani ili gia ziingie, hupoza mitambo na kubeba chembe zinazotokana na msuguano. Adui yake mkubwa ni joto. Foleni za mjini, mizigo mizito na milima mirefu huongeza joto hilo, na kadiri oili inavyochakaa ndivyo inavyopoteza uwezo wa kulinda klachi.

Baadhi ya watengenezaji wa magari husema kwamba oili hiyo haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida. Mmiliki asiyachukulie maneno hayo kuwa na maana ya milele. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo hutengeneza giaboksi zinazofungwa katika magari mengi ya Ulaya, hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8.

Kwa nini watu huogopa kuibadilisha?

Hofu hiyo ina chanzo chake. Klachi zinapolika, unga wake huelea ndani ya oili. Katika giaboksi iliyochakaa sana, unga huo unaweza kuzisaidia klachi kushikana. Oili mpya ikiingia, msaada huo huondoka, na ubovu uliokuwa umejificha hudhihirika. Aidha, viambato vya kusafisha vilivyomo katika oili mpya vinaweza kubandua uchafu ulioganda, nao ukaziba vijia vyembamba vya oili.

Hata hivyo, wamiliki wengi hukumbuka oili pale tu gia zinapoanza kusumbua. Oili hubadilishwe, giaboksi hufa baada ya wiki mbili, na lawama huangukia oili mpya, ilhali klachi zilikuwa zimekwisha kuungua kabla ya gari kuingia gereji. Kwa hiyo, jambo la kutazama kwanza ni hali ya giaboksi yenyewe leo. Idadi ya kilomita peke yake haitoshi kuamua.

Chunguza kabla ya kuamua

Liendeshe gari mpaka lipate moto, kisha zingatia mambo haya:

1. Je, gia huingia bila kuchelewa unapoweka D au R? Je, gari hushtuka?
2. Je, injini hupandisha mzunguko bila gari kuongeza mwendo? Hiyo ni dalili kwamba klachi zinateleza.
3. Oili ina rangi na harufu gani? Oili nyingi za aina hii huwa nyekundu zikiwa mpya. Rangi ya kahawia pekee si dalili ya ubovu. Rangi nyeusi pamoja na harufu ya kuungua ni dalili mbaya. Oili ya rangi ya waridi yenye ukungu kama maziwa huashiria kuwa maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta. Katika hali hiyo usiendelee kuliendesha gari.
4. Je, kipimo cha oili kimepungua? Kama kimepungua, tafuta kwanza mahali inapovuja.

Kama gia zinaingia vizuri na oili haina harufu ya kuungua, badilisha oili, hata kama gari limetembea kilomita 200,000. Kusubiri hakuna faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kama klachi zinateleza na oili inanuka moshi, fahamu kwamba oili mpya haitaponya giaboksi hiyo. Omba ipimwe kwa kompyuta na kwa kipimo cha mgandamizo wa oili, kisha ulinganishe gharama ya kuifungua na kuitengeneza na thamani ya gari lako, kabla ya kutumia fedha kwa lolote.

Badilisha kwa awamu

Kwa gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo, njia yenye hatari ndogo ni kumwaga oili inayotoka yenyewe kupitia nati ya chini, kuipima, kisha kujaza kiasi kilekile. Oili nyingine hubaki ndani ya mitambo na katika mabomba ya kupozea. Tuchukue mfano wa giaboksi yenye lita 7 ambayo hutoa lita 3 inapomwagwa. Baada ya awamu ya kwanza, lita 4 za oili ya zamani husalia; baada ya awamu ya pili, lita 2.3 hivi, na baada ya awamu ya tatu, lita 1.3 hivi. Acha wiki chache za matumizi kati ya awamu moja na nyingine, ili giaboksi izoee na nawe upate nafasi ya kuona mabadiliko. Epuka mashine za kusafisha kwa kusukuma oili kwa nguvu, hasa pale ambapo historia ya gari haijulikani.

Kama sampu itafunguliwa, filta na gasketi zibadilishwe pia. Tazama sumaku zilizomo ndani: tope laini la kijivu ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni ishara ya uharibifu.

Oili sahihi

Rangi nyekundu haimaanishi kwamba oili zote ni sawa. Toyota iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya WS haipaswi kujazwa T-IV kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Giaboksi za CVT, ambazo nyingi hutumia mkanda wa chuma badala ya hatua za gia, huhitaji oili yake maalumu; kuzijazia oili ya otomatiki ya kawaida kunaweza kuziharibu. Soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia. Namna ya kupima pia hutofautiana: Toyota nyingi zenye kijiti hupimwa oili ikiwa ya moto na injini ikiunguruma, ilhali Honda nyingi hupimwa mara baada ya kuzima injini.

Haki na wajibu wako gereji

Omba makopo yafunguliwe mbele yako, na hakikisha lakiri hazijavunjwa. Dai risiti inayoonyesha aina ya oili, idadi ya lita, tarehe na kilomita za gari siku hiyo. Kabla ya kazi kuanza, mweleze fundi dalili zote ulizoziona na mwandikishiane hali ya gari. Maandishi hayo humlinda kila mmoja wenu mgogoro ukitokea. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji, na risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Ikusanywe kwenye chombo na kupelekwa inakopokelewa.

Na kwa anayetarajia kununua gari: mwombe muuzaji cheti cha kusafirisha gari kilichotolewa Japani, ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile zinazosomeka ndani ya gari. Kilomita zilizorudishwa nyuma hukufanya uamini kwamba oili bado ni changa, kumbe muda wake ulipita zamani.