Nondo wa Mng'ongo na Majira Yake

Katika jamii kubwa ya nondo wa hariri, ambao wataalamu huwaita Saturniidae, Afrika ya Mashariki na ya Kusini zimejaaliwa mmoja ambaye mimi sijaona wa kumshinda kwa umbo, naye ni nondo wa mwezi, Argema mimosae, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na Mfaransa Boisduval mwaka 1847: mbawa za manjano iliyoingia ukijani, ambazo zikitandazwa hupita sentimita 10, jicho la mviringo katika kila ubawa, na mikia miwili mirefu inayoning'inia nyuma mithili ya vishungi vya kilemba.

Lakini nondo huyu, pamoja na fahari yote hiyo, hana kinywa cha kulia. Tangu atoke katika kifukofuko chake hata ajali imfikie, muda ambao aghalabu haufiki siku kumi, haonji ua wala hanywi tone la maji, na nguvu zote anazorukia ni akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi, mnene, wa kijani, mwenye vinundu, akitafuna majani ya mng'ongo usiku na mchana.

Kwa sababu hiyo majira yake hayaandami maua, huandama majani. Mng'ongo hupukutika wakati wa kiangazi, na mayai yakitagwa juu ya mti mtupu watoto watakufa kwa njaa. Basi pupa hulala ukame wote ndani ya kifukofuko cha rangi ya fedha kilichojaa matundu madogo madogo, na nondo hutoka mvua zinapoanza na mti kuchipua. Kusini, ambako mvua ni moja na ndefu, huweza kupatikana vizazi viwili katika msimu mmoja, cha pili kikiwa ndicho kitakacholala hadi mwaka ujao.

Usiku ule wa kutoka, jike hukaa kitako, akaachia harufu ambayo pua ya binadamu haiipati kabisa, na dume, mwenye papasi pana zenye nyuzi kama unyoya, huifuata dhidi ya upepo kutoka mbali. Njiani wapo popo. Mikia ile, ambayo huenda mtu akaidhani kuwa ni pambo, huzunguka arukapo na kuupotosha mwangwi ambao popo huutegemea katika kuwinda, hata akauma mkia akauacha mwili. Katika majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2015, juu ya binamu yake Actias luna, popo walinasa yapata 8 katika kila 10 waliokatwa mikia, na kama thuluthi tu ya waliobaki nayo.

Atakaye kumwona na asimtafute wakati wa kipupwe. Na aende miongoni mwa ming'ongo mvua zikishaanza, baada ya saa za isha, na taa yake aizime mapema, kwani dume aliyevutwa na taa huweza kuizunguka mpaka alfajiri, na umri wake, kama tulivyoona, hauna usiku wa kupoteza.