Je, Wajua? Mtoto aliyenaswa na tawi akawa mfalme

Mashujaa wengi wa vitabu vya katuni huanza wakiwa yatima wasiojijua. Ndahura, mfalme wa Wachwezi katika masimulizi ya Bunyoro, aliwatangulia wote.

Babu yake, Bukuku, alikuwa bawabu aliyejitwalia kiti cha mfalme. Waaguzi wakamwonya: mtoto wa bintiyo Nyinamwiru atakuua. Akamtoboa binti jicho moja, akamfungia ndani. Bure! Isimbwa, ambaye mama yake alitoka kuzimu, akapenya hadi kwake.

Kichanga kilipozaliwa kikatupwa mtoni. Kitovu chake kikanasa kwenye tawi. Mfinyanzi akakiopoa na kukilea. (Hakuna mchoraji ambaye angeiacha picha hiyo impite.) Kijana alipokua, akagombana na wachungaji wa Bukuku pale ng'ombe wanaponywea. Mzee akaja kwa hasira. Akachomwa mkuki, na mjukuu akakalia kiti bila kujua amemuua babu yake.

Na Nshamba, mji wa Wahaya, inahusikaje? Imo katika iliyokuwa nchi ya Ihangiro. Yapo masimulizi kwamba Ndahura alitekwa vitani huko huko Ihangiro, giza lilipofunika jua mchana. Kwa aibu, hakurudia kiti. Akatawala mwanawe, Wamara.

Wahaya walimwabudu Wamara, pamoja na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Na Wahinda, ukoo uliotawala Ihangiro, walijihesabu kizazi cha Ruhinda, ambaye wengi humtaja kuwa mwana wa Wamara.