Mtoto akikoroma usiku, mrekodi daktari asikie

Daktari alipomwona mpwa wangu wa miaka minne saa nne asubuhi, alikuta mtoto mzima, anacheka. Usiku ndiyo mambo mengine: anakoroma kama mzee, kisha kimya, kisha anashtuka akitafuta hewa. Dada yangu alijaribu kuigiza mlio ule pale kliniki, wakaishia kucheka wote.

Tukaamua kumrekodi. Simu ilishindwa, maana mtu alipiga usiku wa manane kurekodi kukakatika. Tukachukua kompyuta mpakato yangu.

Usiku wa kwanza hatukupata kitu. Waya wa masikioni tuliochomeka haukuwa na maiki. Mzazi, angalia pini yake. Ikiwa na mistari mitatu kwa kawaida ina maiki, ikiwa na miwili ni ya kusikilizia tu. Kompyuta za zamani zina matundu mawili, na la maiki mara nyingi ni la rangi ya waridi. Ukishachomeka, fungua mipangilio ya sauti, chagua maiki hiyo, kisha ongea uone alama ya sauti ikiruka.

Usiku wa pili tulisikika sisi tukinong'ona, mkoromo ukawa unapotea potea. Kompyuta nyingi zina mpangilio wa kupunguza kelele, nao huufuta mkoromo kama unavyofuta mlio wa feni. Uzime. Zuia pia kompyuta isijizime yenyewe.

Usiku wa tatu tulipata. Kwenye kioo unaona kabisa: vilima vya mkoromo, mstari bapa, kisha mlima. Dada akahesabu ule ubapa, sekunde 11. Hakusema kitu.

Tulikata dakika tatu tu. Daktari alisikiliza mara mbili, akamulika mafindofindo, akaandika rufaa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo aangalie nyama za puani. Rekodi peke yake haitoi jibu, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Maiki ikae mbali kidogo na kitanda, waya usimfikie mtoto, maana unaweza kumzunguka shingoni. Na ukiona midomo inageuka rangi ya bluu au mbavu zinadidimia akivuta pumzi, achana na kurekodi, kimbia hospitali.

Miadi ni Alhamisi. Dada siku hizi analala chumba cha mtoto, na kompyuta yangu bado hajairudisha.