Redio ya gari ni darasa tunalolipita kila siku

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wageni, hata hivyo, wanaofika kwetu na masikio yasiyoweza kuwasikia wenyeji wao. Mmoja wao ni redio iliyomo ndani ya gari lililokwisha kutumika Japani na kuteremshwa katika bandari ya Mombasa. Mnunuzi hulipa ushuru, akalisajili gari lake, akalitia mafuta, kisha akabonyeza redio akitarajia taarifa ya habari ya saa moja. Anachopata ni mvumo mtupu, na kwenye kioo cha redio ni maandishi ambayo hata awe na shahada mbili hawezi kuyasoma.

Wengi wetu hukata shauri papo hapo kuwa redio ni mbovu. La hasha! Redio hiyo ni nzima kabisa, ila iliundwa kwa ajili ya hewa ya kwao. Hapa Kenya vituo vya FM hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani kwa miaka mingi walitangazia kati ya 76 na 90, kwa sababu nafasi ya 90 hadi 108 walikuwa wameipa televisheni. Ni baada ya televisheni za analogia kuzimwa huko, kuanzia mwaka 2011, ndipo walipopata nafasi ya kuongeza masafa ya redio hadi kufikia 95. Kwa hiyo redio ya zamani ya Kijapani na vituo vyetu hukutana katika kijisehemu kidogo tu, baina ya 87.5 na 90. Msikilizaji wa Nairobi anayeitafuta Radio Maisha kwenye 102.7 au Radio Citizen kwenye 106.7 atapekua hadi achoke.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza mambo haya yanawahusu nini walimu na wanafunzi. Yanawahusu sana. Nimelimiliki gari la aina hiyo kwa miaka kadhaa, nami nimekuja kuamini kuwa kile kishimo kilicho katikati ya dashibodi ni maabara ambayo shule zetu zimekuwa zikiipita bila kuitupia jicho. Fauka ya hayo, ni mahali ambapo ukuta unaomtenga mwalimu na fundi huonekana waziwazi, pamoja na hasara ambayo ukuta huo hutuletea.

Hebu tuanze na dawa ya bei nafuu. Wauzaji wa vipuri, kwa mfano wale wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, watakuuzia kijisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Huwekwa baina ya antena na redio. Kazi yake ni kutoa: hupokea mawimbi yetu na kuyashusha kwa kiasi fulani ili yaangukie mahali ambapo redio ya Kijapani inaweza kuyapata. Tuseme kinashusha megahezi 16. Kituo cha 102.7 kitasikika kwenye 86.7, na mambo yatakuwa shwari. Lakini kituo cha 106.7 kitaangukia 90.7, nje ya mpaka wa redio inayokoma kwenye 90, na hakitasikika kamwe. Hiyo ni hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Hata hivyo, nimewaona watu wazima wakimrudia muuzaji kwa hasira, wakimshutumu kwa kuwauzia kifaa bandia, kumbe kifaa kinafanya kazi yake barabara na kilichokosekana ni mtu wa kuwafafanulia hesabu hiyo.

Dawa ya pili, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni kuing'oa redio ya zamani na kutia mpya. Hapa pia kuna kipimo. Redio za kawaida huwa na upana wa milimita 180, na kimo cha milimita 50 kwa zile nyembamba au 100 kwa zile nene. Magari mengi ya Toyota kutoka Japani, hata hivyo, yana nafasi yenye upana wa milimita 200, ndipo utaona redio mpya ikiachiwa nyufa ubavuni ambazo lazima zizibwe kwa fremu ya plastiki. Anayekwenda dukani bila rula hurudi nyumbani na redio isiyoenea mahali pake.

Lakini kiini cha mambo kimo nyuma ya redio, kwenye nyaya. Watengenezaji wengi wa redio hizi wamekubaliana kuhusu rangi. Waya mweusi huenda kwenye mwili wa gari. Waya wa njano hupokea umeme wa betri wakati wote, hata gari likiwa limezimwa, ili redio isisahau saa na vituo ilivyohifadhi. Waya mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kila mmoja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Mpangilio huu ni sahili kiasi kwamba ungeweza kuchorwa ubaoni kwa dakika tano.

Fundi wa kwanza niliyempa kazi hiyo alikuwa mwepesi wa mikono. Aliimaliza kabla sijamaliza kusoma gazeti, redio ikaimba, nami nikamlipa. Gari liliegeshwa Ijumaa jioni. Jumatatu alfajiri lilikataa kuwaka. Nilinunua umeme wa jirani kwa nyaya za kuazima, na wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale. Niliambiwa betri imezeeka. Baadaye nikaambiwa jenereta ni dhaifu. Laiti ningalisikiliza ushauri wote niliopewa, ningalibadilisha nusu ya gari.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa jua kali ambaye hakufika kidato cha pili. Alichomoa redio, akatazama, akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "huyu ameunganisha njano na nyekundu pamoja. Njano ni moto usiolala. Nyekundu ni moto unaoamka na ufunguo. Ukizifunga pamoja, redio yako hailali hata siku moja." Akaukata ule mwekundu, akautafutia moto wa ufunguo, akaufunga kwa tepu, na tangu siku hiyo gari langu huwaka kila asubuhi.

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Tuseme redio isiyolala hula nusu ampea. Toka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Hizo ni ampea-saa 30. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 45 ilipokuwa mpya, na haikuwa mpya tena. Fumbo lililonigharimu wiki mbili lilifumbuliwa na kuzidisha kwa mstari mmoja.

Wiki hiyo niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwa nini redio ya gari inahitaji nyaya mbili za umeme badala ya mmoja. Walikaa kimya. Nilipowaomba waseme kanuni ya Ohm, mikono yote iliinuka, nao waliikariri kwa Kiingereza fasaha bila kukosea neno. Siwalaumu. Wamefunzwa kwamba umeme ni kitu cha kukaririwa katika lugha ya mtihani, na kwamba nyaya ni za wale walioshindwa na mtihani. Wakati huo huo, yule kijana wa jua kali ambaye angewafundisha jambo hili kwa sentensi tatu hana mlango wa kuingilia darasani.

Isidhaniwe kuwa natia chumvi sifa za mafundi. Wao pia wana pengo lao, na pengo hilo laweza kuunguza gari. Waya wa njano huwa na fyuzi, aghalabu ya ampea 10 au 15. Fyuzi ikikatika maana yake ni kuwa kuna hitilafu, na imekufa ili gari lisife. Nimeona kwa macho yangu fyuzi iliyokatika ikivishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na redio ikarudi kuimba. Mwenye gari huondoka akishukuru. Hajui kwamba mlinzi wake ameuawa, na kwamba siku nyaya zitakapogusana tena, kitakachokatika si fyuzi bali ni waya wenyewe, ukiwa umezungukwa na plastiki na zulia. Fundi anayefanya hivyo si mwovu. Hajawahi kuambiwa na yeyote, kwa lugha anayoielewa, fyuzi ni ya nini.

Pengo hilo hilo ndilo linalowanenepesha walaghai. Sanduku la redio huandikwa kwa herufi kubwa kuwa ina wati 50 mara nne. Hebu mwanafunzi wa fizikia akadirie. Gari linaponguruma, umeme wake huwa karibu volti 14.4, na spika za kawaida za gari huwa na ukinzani wa ohmu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, upate 207.36. Gawanya kwa 4, upate wati 51.84. Kumbe ndiko ile 50 ilikotoka! Lakini hesabu hiyo inachukulia kuwa umeme umesimama kileleni muda wote, ilhali wimbi la sauti hupanda na kushuka. Kwa wimbi safi, wastani ni nusu yake, yaani wati 25.92, na hata hizo hazifiki zote kwenye spika, kwa kuwa nyingine hupotea njiani. Ushahidi wa pili uko mgongoni mwa redio yenyewe. Kama fyuzi ni ya ampea 10, basi redio haiwezi kuvuta mfululizo zaidi ya wati 144. Wati 200 za sanduku zitatoka wapi?

Tena, hata zingekuwepo, sikio lisingezifurahia sana. Kuongeza nguvu maradufu, kutoka wati 25 hadi 50, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Anayezungusha kitufe hadi mwisho akitafuta wati zisizokuwepo huambulia sauti iliyokatwa vilele, ya kukwaruza, na mwishowe spika zilizoungua. Tumeisikia sauti hiyo katika matatu nyingi, nasi tukadhani kuwa ndiyo muziki wenyewe. Nchi hii imekuwa na kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, lakini naamini kijana aliyeifahamu hesabu hii atapunguza sauti bila kushurutishwa na askari, kwani atakuwa ameelewa kuwa sauti kubwa na sauti nzuri ni vitu viwili tofauti.

Sasa nirejelee mafundi wetu na lugha yao. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimesikia ikidaiwa kuwa lugha hii haijakomaa kuchukua mzigo wa sayansi. Wanaodai hivyo hawajawahi kuinama kando ya fundi wa umeme wa magari. Moto usiolala na moto unaoamka na ufunguo: ni kitabu gani kilicholieleza jambo hili kwa ufupi na uwazi zaidi? Kamusi zetu zina ukinzani na mkondo. Gereji zetu zina moto, mwili wa gari na waya wa ufunguo. Msamiati huu wa pande mbili haujawahi kuketishwa meza moja.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, tuliahidiwa elimu ya mikono. Karakana zikajengwa kwa michango ya wazazi, na nyingi zikageuka kuwa maghala ya madawati yaliyovunjika. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetuahidi tena jambo lile lile kwa jina jipya. Ahadi hiyo haitatimizwa na vitabu vya kiada pekee. Itatimizwa na mwalimu mmoja mmoja anayeamua kuwa kesho kutakuwa na kitu mezani cha kushikwa.

Kwa hivyo natoa pendekezo dogo kwa walimu wenzangu. Tafuteni redio kuukuu ya gari, kwani kila gereji ina rundo la zile zilizong'olewa. Tafuteni betri ya volti 12, spika mbili, fyuzi chache, rula na mita ya kupimia umeme. Mwiteni fundi wa mtaani kwenu kwa kipindi kimoja, mumlipe nauli na ujira wa saa hiyo, na mumwache azungumze Kiswahili chake mbele ya wanafunzi. Mwalimu wa fizikia naye aandike ubaoni hesabu ya kila anachokitenda fundi, hasa ile ya fyuzi. Mwalimu wa Kiswahili akae nyuma na daftari, anakili maneno.

Wanafunzi wataondoka na jambo la kudumu, na sina shaka fundi pia ataondoka nalo. Pengine siku ya pili mteja atakapomletea fyuzi iliyokatika, hataipekua mifuko yake akitafuta karatasi ya sigara. Atauliza kwanza ni kitu gani kilichoikata.