Malengo ya mwekezaji wa hisa
Malengo ya mwekezaji wa hisa ni manufaa anayotarajia mtu anaponunua sehemu ya umiliki wa kampuni. Kwa kawaida hubadilika kadiri anavyopata uzoefu.

Nchini Tanzania hisa huuzwa na kununuliwa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara mwaka 1998. Mnunuzi hutumia dalali aliyeidhinishwa au simu ya mkononi, hivyo hata mkulima wa mpunga wa Malinyi, katika bonde la Kilombero, anaweza kushiriki.

Mwekezaji mgeni mara nyingi hutaka bei ipande upesi ili auze. Hisa za Benki ya NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja, na baadaye bei ilipanda mara kadhaa. Za Vodacom Tanzania ziliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850, kisha bei ikashuka chini ya hapo. Mkulima anayenunua hisa kwa fedha ya mbegu na ya kulimia anaweza kulazimika kuziuza kwa hasara msimu ukifika.

Kwa sababu hiyo, mwenye uzoefu hutenga kwanza fedha za matumizi ya karibu. Kisha huchunguza faida na madeni ya kampuni, hutafuta gawio la kila mwaka, na hugawa fedha zake katika kampuni mbalimbali. Anapokaribia uzee, lengo huwa kulinda mtaji. Wengi huhamishia sehemu yake kwenye hatifungani za serikali.