Sarkoma ya Pafu: Imeanzia Hapo au Imehamia? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tulieleza kwamba sarkoma ni saratani ya tishu laini: misuli, mafuta, mishipa na nyuzi zinazoshikilia viungo. Kwa watu wazima ni takriban asilimia 1 tu ya saratani zote, na ile inayoanzia pafuni haifiki hata asilimia 1 ya saratani za mapafu. Basi mtu akija na kikohozi, maumivu ya kifua na makohozi yenye damu, huku kwetu daktari hutafuta kwanza kifua kikuu, na ana haki. Ninachokipinga ni kumrudishia dawa za kifua kikuu mgonjwa ambaye vipimo havikuonyesha bakteria, huku kivuli pafuni kikizidi kukua.

Eksirei huonyesha kivuli. Kipimo cha CT huonyesha ukubwa wake na mishipa iliyo jirani. Jina la ugonjwa halitoki huko. Tena sarkoma nyingi ni mviringo wenye kingo safi, hata ukadhaniwa uvimbe usio na madhara. Makohozi nayo hayasaidii sana, kwani uvimbe huu mara nyingi hujificha ndani ya nyama ya pafu, mbali na njia za hewa.

Lazima kinyama kichukuliwe, na kwa sindano nene inayotoa kipande kizima. Sindano nyembamba hufyonza seli chache zilizotawanyika, ilhali mtaalamu wa patholojia anataka kuona zilivyopangika. Katika sarkoma ya sinovia, kwa mfano, hadubini huonyesha seli nyembamba zilizolala pamoja kama dagaa kwenye mkeka. Tatizo ni kwamba saratani nyingine huweza kufanana nazo. Ndipo hutumika kingamwili za kutia rangi protini fulani, kisha kipimo cha jeni: katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu X na cha kromosomu 18 hubadilishana nafasi, jeni SS18 ikaungana na SSX.

Hata hapo kazi haijaisha. Sarkoma nyingi zinazokutwa pafuni zimehamia kutoka kwingine: pajani, nyuma ya tumbo, au kwenye mfuko wa uzazi. Kwa hiyo mwili wote ukaguliwe, na mgonjwa aulizwe juu ya uvimbe wowote aliowahi kukatwa, hata ule ulioitwa faibroidi miaka mingi nyuma. Maabara huhifadhi vinyama ndani ya nta. Cha zamani kikipatikana, kiwekwe chini ya hadubini sambamba na kipya.